Sauti Aliyoichagua Mama

Nimewahi kumwonea mtu wivu kwa gauni, kwa nyumba, na mara moja kwa mume. Wivu wa namna hiyo haukunisumbua sana. Mimi ni fundi cherehani, gauni lolote nikiliona naweza kulishona, na yule mume baadaye nilisikia habari zake nikamshukuru Mungu. Wivu ulionishinda ni wa sauti.

Mama yangu alihamia kwangu Mikumi baada ya mto Mkondoa kuingia nyumbani kwake Kilosa na kuondoka na ukuta wa jikoni. Alikuja na begi moja, sufuria mbili na kuku mmoja aliyekataa kufa. Nilimpa chumba changu. Cherehani nikaihamishia sebuleni, na mume wangu, ambaye anaendesha lori la miwa huko Kidodi na hurudi nyumbani mwisho wa wiki, akawa analala kwenye kochi bila kulalamika sana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama hakungoja kupewa. Siku ya tatu alikuwa ameshalima ua wote wa nyuma na kunitangazia kwamba udongo wa Mikumi hauna shukrani.

Kila asubuhi nilimpa dawa zake za presha na kusimama pale mpaka azimeze, kwa sababu ana tabia ya kuzificha shavuni. Nilimchemshia maji ya kuoga. Nilimshonea madira manne, moja lina mifuko miwili mikubwa kama alivyotaka, ya kuwekea simu na tumbaku yake ya kunusa, ambayo mimi nilijifanya siijui. Halafu jioni alikaa barazani na majirani zangu akawasimulia habari za mdogo wangu.

Mdogo wangu ana saluni Dar es Salaam. Hupiga simu kila Ijumaa, dakika tatu au nne hivi, huku draya ikinguruma nyuma yake. Siku hiyo mama huwa na simu mkononi tangu asubuhi, na mtu mwingine akipiga anamjibu kwa haraka kama anamfukuza. Mwaka juzi mdogo wangu alimtumia doti ya kanga. Moja. Kanga ile imekunjwa vizuri ndani ya sanduku, imewekewa karafuu, inasubiri harusi au msiba wa maana. Kanga nilizomnunulia mimi anaepulia sufuria. Husemwa kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu ilikuwa kinyume, aliyekuwepo ndiye hakuwa na lake.

Nilikaa na kinyongo hicho karibu mwaka mzima. Kisha msimu wa kilimo ukakaribia, na mama akasema anarudi Kilosa kulima shamba lake la bondeni. Angejenga kibanda, akae mpaka avune, ndipo arudi kwangu. Nikamwambia haendi kokote, labda mto ujifunze kupiga hodi kwanza.

Nilikuwa na sababu. Siku ya mafuriko jirani yake alinipigia asubuhi akasema maji yanapanda upesi. Nilimpigia mama, nikamwambia atoke aende shuleni kwenye mwinuko, nami niko njiani. Niliacha sare ya mtoto wa watu kwenye cherehani, mkono mmoja umeshonwa na mwingine haujashonwa, nikakimbilia gari. Barabara ilikuwa imekatika sehemu mbili, tukashuka tukatembea. Nilifika alasiri na kumkuta mama darasani, kafunikwa blanketi la mtu. Majirani wawili walikuwa wamembeba mgongoni maji yakiwa kifuani. Walinieleza jinsi walivyomkuta. Alikuwa amekaa kitandani, amevaa vizuri, kanga kaifunga kiunoni, ndala miguuni, begi mapajani, kuku kamkumbatia. Mtu aliyejiandaa kabisa kusafiri, na hakuondoka.

Nikamuuliza mbele ya watu wote mle darasani kwa nini hakutoka. Akasema alipita kijana na pikipiki na kipaza sauti, anapiga kelele, tokeni, tokeni. "Hakuniamkia," mama akasema. "Mimi siamrishwi na mtoto asiyejua shikamoo."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na siku ile hakuna aliyekuwa amecheka bado. Nami nilicheka. Toka hapo ikawa hadithi yetu ya nyumbani: mama aliyetaka kuzama kwa sababu ya shikamoo.

Basi tukawa tunavutana, yeye anataka kwenda, mimi nakataa, ndipo ukaja ujumbe kupitia ofisi ya kata. Kulikuwa na walimu na wanafunzi wa chuo waliotaka kukaa siku mbili na watu waliohamishwa na mafuriko na ukame, wafikirie pamoja vifaa na mipango ya miaka ijayo, vitu ambavyo bado havijatengenezwa. Jina la mama lilikuwa kwenye orodha. Mkutano ungefanyika ukumbini Mabwerebwere, kule kule Kilosa. Mama alinisikiliza nikimsomea mpaka mwisho.

"Si ulitaka mto upige hodi?" akasema. "Twende tukautengenezee mlango."

Tulifunga safari asubuhi. Tulipopita Kilangali vibarua walikuwa tayari mashambani, na mama aliwatazama kwa kijicho cha waziwazi, mama aliyelima ua wangu mpaka akang'oa maua. Nikajisemea kumbe ugonjwa huu ni wa ukoo.

Mlangoni tulipewa kadi za kuvaa shingoni. Kadi ya mama iliandikwa jina lake kamili, na chini yake neno MTAALAMU, kwa sababu walisema aliyepatwa na jambo ndiye mtaalamu wake. Yangu iliandikwa MSINDIKIZAJI. Wataalamu walikaa kwenye meza za katikati. Wasindikizaji tulipangwa ukutani kwenye viti vya plastiki, na chai ilitufikia baada ya kupoa.

Nilikasirika, sifichi. Nilikuwa nimemkaribisha mhamiaji kwa karibu mwaka mzima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mwenyeji anahitaji kifaa gani. Ningeulizwa ningejibu pale pale. Ningeomba taa ndogo ya kuning'iniza sebuleni, inayowaka nyekundu mwenyeji anapochoka, ili mgeni aione mwenyewe aache kuusema udongo wa watu. Ningeomba pia kitabu cha mgeni kinachojiandika, kila fadhila na siku yake, na kinachosomwa kwa sauti majirani wakiwepo barazani.

Mezani walipewa maboksi ya katoni, vizibo vya soda, gundi na kalamu za rangi. Wakaambiwa wajenge wasichokuwa nacho siku walipohama. Mama mmoja alijenga kadi inayokumbuka mipaka ya shamba la mwenyewe, ili mto ukihamisha kila alama ya mpaka, kadi iseme hapa ni pake na pale ni pa jirani, wasikosane. Mwingine alitengeneza choo cha kukunjika. Mzee mmoja mfugaji, ambaye ukame ulimsukuma kutoka mbali, alikataa katoni. Akasema kwa utaratibu kwamba yeye anahitaji mtu wa kumtangulia. Kabla hajafika mahali na mifugo yake, awepo mtu wa kwenda kuwaambia wenyeji fulani anakuja, ana ng'ombe kadhaa, anaomba njia hii na maji haya, nao wajibu ndiyo au hapana kabla watu hawajashikiana fimbo. Binti wa chuo aliyekuwa akiiongoza meza yao aliandika yote hayo, na nikaona wakulima wawili wakimtazama yule mzee kwa namna ambayo asubuhi hawakumtazama.

Zamu ya mama ilipofika alisimulia habari ya kijana wa pikipiki. Niliijua hadithi ile kila neno, hata pale anaponyamaza kidogo ili watu wacheke. Walicheka. Lakini binti wa chuo hakucheka. Aliweka kalamu chini akauliza, "Bibi, kama onyo lingekuamkia kwanza, na likawa kwa sauti ya mtu unayemsikiliza, ungetoka?"

"Kwa nini nisitoke?" mama akasema.

Hapo meza nzima ikachangamka. Mpaka saa ya chakula walikuwa wamelibuni sanduku dogo la kutundikwa ukutani, linalotumia mwanga wa jua, linalopokea habari kutoka kwenye kipimo kilichowekwa mtoni huko juu. Maji yakifika kiwango fulani sanduku linasema. Ila halisemi kwa sauti ya serikali wala ya mashine. Kila mwenye nyumba anachagua mwenyewe sauti ya mtu mmoja, ile ambayo ikimwambia toka, atatoka. Sanduku la kwanza la majaribio, wakasema, linaweza kuwekwa kwenye kibanda cha mama msimu huu. Mama aligeuka akanitazama pale ukutani, kidevu juu. Nikaelewa kwamba safari yake ya shambani imeshapitishwa, na kwamba uhai wake huko bondeni utategemea hiyo sauti, maana mimi nitakuwa Mikumi.

Wakaanza kuchagua. Mzee mmoja, ambaye babu yake aliletwa Kilosa kujenga reli na yeye mwenyewe akastaafu relini, alitaka sauti ya mkaguzi wake wa zamani, kwa kuwa ndiye binadamu pekee aliyewahi kumfanya akimbie. Mkaguzi alishafariki, lakini mzee alimjua mwenzake mmoja anayeweza kumwigiza. Yule mfugaji hakutaka neno lolote. Alitaka mluzi anaowaitia ng'ombe, kwa sababu ng'ombe wakisimama na yeye anasimama.

Mama hakufikiri hata kidogo. Akamtaja mdogo wangu.

Sijui uso wangu ulikuwaje. Najua mwanamke aliyekaa kando yangu alinipa maji. Roho iliniuma kama kidole kilichopitiwa na sindano ya cherehani, ile unayoisikia mpaka kwenye meno. Mimi ndiye ninayejua presha yake imefika ngapi. Mimi ndiye niliyetembea kwenye matope siku ile mpaka kiatu kimoja kikabaki humo. Na siku ya kufa na kupona anataka kusikia saluni. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nilisema kwa sauti ya kutosha asikie. Hakugeuka.

Binti wa chuo akanifuata ukutani kuniomba namba ya mdogo wangu ili arekodi maneno. Nikamwambia asijisumbue, nitampigia mwenyewe.

Nilitoka nikasimama nyuma ya ukumbi, karibu na tanki la maji. Sikumpigia. Sisi wawili sauti zetu zinafanana, hata shangazi zetu hutuchanganya kwenye simu. Tofauti ni kwamba mdogo wangu huivuta "mama" mwishoni kama anadai pipi, na hufunga kila sentensi kwa "basi". Nikawasha kinasa sauti kwenye simu yangu, nikaivuta "mama", nikafunga kwa "basi". Mara ya tatu nilijiridhisha kabisa. Nikamtumia binti wa chuo ile sauti na kumwambia imetoka Dar es Salaam. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, na nilirudi ukumbini nikitembea kama mwizi wa sukari.

Nilijipa sababu, bila shaka. Nilijiambia kwamba mama ataokolewa na sauti yangu bila kujua, na mimi nitajua, na hilo litanitosha. Usiku tulilala kwa mama mdogo. Mama alimsimulia jinsi mtoto wake wa Dar atakavyokuwa anamwita kutoka kwenye sanduku, nami nikaosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Siku ya pili ilikuwa ya majaribio. Masanduku yalikuwa ya katoni tu, ndani mna spika ndogo na betri ya taa ya sola. Nje uwanjani binti wa chuo alichomeka bendera ya kitambaa cha njano kuonyesha mahali pa usalama. Mtaalamu mmoja mmoja alikaa peke yake kwenye kiti katikati ya ukumbi, sauti yake ikapigwa, na yeye akatakiwa kufanya vile ambavyo angefanya kweli.

Mzee wa reli aliposikia "Wewe, unangoja nini hapo?" aliruka na fimbo yake akaisahau. Mluzi ulipolia, mfugaji aliinuka akatoka kwa hatua ndefu bila kumtazama mtu. Kisha wakamwita mama.

Alikaa. Begi lake aliliweka sakafuni, ndala alizivua kama kawaida yake anapokaa. Sanduku likasema:

"Shikamoo mamaa. Mto umejaa. Toka sasa hivi, nenda shuleni, usibebe kitu, basi."

"Marahaba," mama akajibu.

Akavaa ndala, ya kushoto, ya kulia. Akaifunga kanga yake vizuri kiunoni. Akaliokota begi, akaliweka mapajani, akalishika kwa mikono miwili. Akatulia.

Tulisubiri. Binti wa chuo akapiga sauti tena, na mama akaitikia tena marahaba, kwa upole, na hakuinuka. Alikuwa anautazama mlango.

Mimi ndiye niliyeinuka. Nilifika kwenye kiti chake nikachuchumaa. "Mama, mbona hutoki? Si imekuamkia?"

"Imeniamkia."

"Na ni mdogo wangu huyo, uliyemtaka."

Mama akanitazama kama anavyonitazama nikimwambia dawa si chungu. "Nimezaa wawili tu," akasema. "Wangekuwa kumi, labda ningewachanganya."

Ningeweza kuomba radhi pale. Badala yake hasira ilinitangulia. "Haya, ni mimi. Ndiyo maana hukuinuka? Sauti yangu mimi haifai hata kukutoa kwenye maji?"

Alilipapasa begi lake. Kisha akasema taratibu, ili wale wa mezani wasisikie.

"Siku ile ulinipigia, ukasema nitoke, uko njiani. Nikavaa, nikakaa na begi. Nikawaza, nikitoka atafika hapa anikose. Na wewe ukinikosa hutauliza mtu. Utaingia kwenye maji kunitafuta. Nakujua tangu ulipokuwa tumboni."

Nikabaki nimechuchumaa.

"Mdogo wako akiniambia toka, natoka," akasema. "Yeye haji. Nikae nimngoje nani?"

"Na yule kijana wa pikipiki?"

"Hakuniamkia, huo ni ukweli. Lakini uliniuliza mbele ya watu. Ulitaka niseme nini, kwamba nilikuwa nakungoja wewe?"

Karibu mwaka mzima nilikuwa nimeichekea hadithi ile kwenye kila baraza. Niliisimulia hata kwa wateja, huku nimeshika pini mdomoni. Alikuwa amejifanya mjinga mbele ya darasa zima, na mbele ya ukumbi mzima jana yake, ili mimi nisijue kwamba ni simu yangu iliyomkalisha kitandani maji yakipanda.

Nilitoka nikaenda tena kwenye lile tanki, na safari hii nilimpigia mdogo wangu kweli. Draya ilikuwa inanguruma. Nilimpa maneno ya kusema.

"Halafu nimwambie nakuja?" akauliza. "Ili apate moyo?"

"Usimwambie."

"Hata kumdanganya tu, dada?"

"Hata hivyo."

Nadhani alisikia kitu kwenye sauti yangu, maana alimwambia mteja avumilie. Ujumbe ulifika kabla sijaingia ndani. Nilimpa binti wa chuo simu na kumwambia ile ya kwanza ilikuwa na kasoro. Alinitazama, akaitazama kadi yangu ya shingoni, akaiunganisha simu na sanduku.

Mama alirudi kwenye kiti, akavua ndala, akaweka begi chini. Sauti ya mdogo wangu ikajaza ukumbi, na "mamaa" yake, na draya yake. Neno la "usibebe kitu" halijaisha, mama alikuwa ameshasimama. Alitoka peku. Hakugeuka, wala hakutazama upande wa ukuta nilikokuwa. Watu walipiga makofi, na mimi wivu ulinichoma pale pale, upya, kama sikuwa nimesikia lolote.

Niliokota ndala na begi nikamfuata. Alikuwa amefika kwenye bendera ya njano. Alikuwa ameishika ile fimbo ya bendera kwa mkono mmoja, miguu peku juani, macho yameganda mlangoni mwa ukumbi, ananingoja.